Pesa ya Mvule ni ya Shule

Zuhura mwanangu,

Kesho sitakuja stesheni. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua. Ungeikimbiza barua nzima ukilitafuta, na mengine yote yasingekuingia. Baba yako atakubebea sanduku na kukukatia tiketi, na kama kawaida yake hatasema neno. Mimi nitakuwa kiwanja cha shule, nimekaa mbele ya watu kwenye benchi la walinzi wa pesa ya mvule. Mbiu uliisikia mwenyewe jana: mkutano wa kijiji kesho asubuhi, saa ileile ya garimoshi lako.

Sasa salamu. Natumaini shangazi yako amekupa chakula ukala, na hukukaa umenuna kama ulivyotoka hapa. Baba yako ndiye atakayekuletea karatasi hizi huko Kidete jioni. Ya shuka, sabuni na dawa ya kuchua mguu nimekuambia mpaka ukaziba masikio, kwa hiyo sitayarudia. Nataka kukujibu lile ulilosema mlangoni.

Ulisema, "Mama, mguu wangu ndio uliolipia lile lori. Safari hii tu, waache wakae bila wewe, uje kwangu."

Niliinama nikaanza kupepeta mchele ambao ulikuwa umekwisha pepetwa. Ukachukua kanga yako ukaondoka bila kugeuka. Lo, mwanangu, umeniumiza, na ulikuwa na haki ya kuniumiza. Ndiyo maana nimekaa na kalamu tangu adhuhuri, na huu mwandiko wangu wa kisomo cha watu wazima unaokuchekesha, na mboga imeungua jikoni.

Kijiji kizima kinajua habari ya lori. Wewe unaijua kwa mguu wako. Lakini hakuna aliyewahi kukuambia ilivyokuwa ndani yangu mimi, na usipoijua hiyo utanihesabu mwanamke anayependa benchi kuliko mtoto.

Mwaka wa Uhuru nilikuwa nimekubeba mgongoni. Ndipo mkandarasi wa mbao alipokuja kutoka Morogoro akaiona mivule ya msitu wetu wa tambiko, kule mlimani njia ya Mamboya, akashika kichwa kwa mikono miwili. Mjomba wangu Athumani ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Vijana wakamzunguka: mjomba tuuze, mjomba tununue baiskeli, tumepata Uhuru. Mjomba akawauliza, "Mvule huu aliupanda nani?" Wakasema haukupandwa na mtu. Akasema, "Basi tumeuokota. Na cha kuokota hakiliwi chote, maana mwenyewe anaweza kurudi." Kijana mmoja akacheka, akauliza huyo mwenyewe ni nani. Mjomba akanishika bega akanigeuza mgongo kwao, nikafikiri amekasirika, kumbe alikuwa anakuonyesha wewe kwa kidole. "Huyu hapa. Na wa nyuma yake. Na wale ambao mama zao hawajazaliwa."

Basi ikawa hivyo. Mivule michache ikakatwa. Nusu ya pesa ikajenga shule, darasa la kwanza hadi la nne, hapa bondeni kando ya reli. Nusu nyingine ikawekwa benki Kilosa ingoje madarasa ya juu, na baada ya hapo ibaki ikiongezeka kwa ajili ya vitabu na madawati ya watoto wa watoto. Hata Ujamaa ulipokuja, watu walikusanywa hapa kwa sababu shule ilikuwa hapa.

Mjomba hakuziamini karatasi peke yake. Kwetu mti wa tambiko haukatwi mpaka nyumba tatu za ukoo zikubali. Nyumba moja ikikataa, shoka linarudi nyumbani na hakuna anayeulizwa kwa nini. Akaichukua desturi hiyo akaiweka juu ya pesa. Walinzi watatu: mwenyekiti wa kijiji, mzee wa ukoo, na mzazi mmoja anayechaguliwa na wazazi. Pesa haitoki mpaka wote watatu wainue mikono mbele ya watu. Asiyehudhuria, wazazi humweka mwingine palepale. Wazazi wakanichagua mimi. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa na mdomo.

Huo mdomo wangu ndio ulioniponza.

Unamjua Maganga, mwenyekiti wetu. Babu yake Mnyamwezi alikuja kutandika reli hii, na Wanyamwezi na sisi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikuchukulia kuku, unacheka. Akikutukana mbele ya wakwe zako, unamtukana na wewe, mkishamaliza mnakula pamoja. Siku mjomba alipofariki, jeneza lilipotaka kutoka, Maganga alijilaza mlangoni chali, akafumba macho. "Huyu maiti hatoki! Msagara bahili huyu, amekufa na pesa za watu! Nilipeni kwanza!" Wakamtupia senti, akazipiga teke. Wakamletea jogoo, akasema jogoo ana kifua kikuu. "Mimi nataka pesa ya mvule!" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Ndivyo msiba wetu ulivyo, na ni dawa. Mimi nilikuwa nimelia mpaka nimekauka. Nikapasuka kwa kicheko, nikapiga kelele kutoka ndani, "Ondoka mlangoni, mtani, utapewa! Utapewa yote!" Akainuka, akajipangusa vumbi, jeneza likapita.

Wiki ile arobaini ilipoisha, akaitisha mkutano. Anataka pesa ya benki inunue lori la kijiji, kuukuu lakini zima. Alieleza vizuri, sikufichi. Mazao yetu yalikuwa yakioza ghalani yakingoja lori la wengine. Halafu akageukia benchi, akatabasamu. "Na mtani wangu hapa sina wasiwasi naye. Aliniahidi mbele ya jeneza la mjomba wake. Au maiti wa kwenu hudanganywa?"

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Mzee wa ukoo alikuwa tayari ameinua mkono wake, akinitazama. Zuhura, nilijua. Nilijua kabisa kwamba ule ulikuwa utani, kwamba ahadi ya mlangoni hulipwa kwa jogoo na kusahauliwa. Nilijua madarasa ya juu yalikuwa na msingi na kuta, yanangoja bati. Lakini watu walikuwa wanacheka nami, siyo kunicheka, na siku hiyo nilikuwa mkiwa sana. Niliona haya kuwa ndiye atakayekizima kile kicheko. Nikauinua mkono. Wakapiga vigelegele.

Lori lilikuja limepambwa matawi ya migomba. Msimu mmoja lilitufaa kweli. Msimu wa pili likavunjika gia Mikumi, kwenye barabara kuu, limejaa pamba yetu. Fundi akaita bei ya kumfukuza mtu, likabaki pale. Kesho ukishuka Mikumi kungoja basi la Iringa utaliona upande wa chini wa barabara, kama watu hawajamaliza kung'oa vyuma. Litazame vizuri. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mkuu ndiye aliyekataa kusikia, na guu likavunjika la mtoto.

Maana ulipofaulu kuingia darasa la tano ilibidi uende Kidete, na kwenda Kidete masika ni kuvuka mto Mkondoa juu ya daraja la reli. Nilikuwa nakusindikiza mwanzoni. Baadaye kilimo kikazidi, nikakuachia na wenzako. Siku ile nilikuwa napalilia nikasikia honi, ndefu, haikatiki. Kila mama aliyekuwa shambani alitupa jembe. Tulikimbia hatusemi. Kila mmoja alikuwa anaomba awe wa mwenzake, Mungu anisamehe, na mimi niliomba hivyo. Wenzako walikuwa wamefika ng'ambo. Wewe ulikuwa umerudi nyuma kuokota kiatu. Uliruka mwishoni mwa daraja, kwenye mchanga na mawe, na nilipokufikia ulikuwa umekishika kile kiatu na unaniambia, "Mama, hakikulowa."

Aliyekubeba mgongoni mpaka stesheni ni Maganga. Alilala nje ya wodi Kilosa mpaka ulipofungwa mguu. Usimchukie, hata kesho. Ni mtu anayekipenda kijiji hiki kwa haraka, hawezi kungoja. Mfupa uliunga, ila mguu haukurudi urefu wake. Wewe hukunilaumu hata siku moja mpaka jana, na mimi nikajidanganya kwamba kunyamaza kwako ni kusahau.

Sasa ya kesho. Mivule iliyobaki iliuzwa, pesa imo benki, na msitu ule umekwisha. Kuna miche tuliyoipanda, inanifikia magotini. Wa kuikata hiyo atakapokuja, mimi nitakuwa udongo zamani. Kwa hiyo hii ndiyo pesa ya mwisho. Nusu inunue bati, madawati na milango ya madarasa ya juu, ambayo kuta zake zimeota majani juu, nusu ibaki kama alivyosema mjomba. Maganga anataka yote ikanunue mashine ya kusaga.

Na mashine ni kitu kizuri! Hapo ndipo penye kidonda. Lingekuwa jambo la kipumbavu ningelala usingizi. Mimi natwanga kila siku, unayajua mabega yangu, unajua ninavyoamka nayo. Wanawake wote wanaitaka, na mimi naitaka. Tangu ijulikane kwamba nitakataa, hawanisemeshi. Jana mtoni nilisalimia, wakainamia nguo zao. Mama Chausiku ndiye aliyejibu, na unajua tulivyo, huyo alinishika mkono siku ya kukuzaa. Akasema, "Wewe unamlindia nani hiyo shule? Wako si anaondoka?"

Nikamwambia, "Wa kwako nao watavuka daraja."

"Basi niache mimi mwenyewe niwalilie wangu. Usinililie kabla hawajafa."

Nilichukua ndoo yangu nikaondoka na nguo nusu hazijafuliwa. Huyo ndiye watakayemweka kwenye benchi kesho nisipokuwepo. Maganga ameshamwandaa. Si mbaya, amechoka tu, na mtu aliyechoka ukimwonyesha mashine atainua mikono yote miwili.

Jana usiku Maganga alikuja hapa nyumbani, baba yako shahidi. Akakaa kwenye kinu changu, makusudi, akakipigapiga. "Mtani, hiki tutakichoma kuni."

Nikamwomba, na kuomba siyo kazi yangu: "Usogeze mkutano mpaka mchana. Niache nimuage mtoto."

"Kijiji hakingojei garimoshi la mtu mmoja."

"Huyo mtu mmoja ulimbeba mgongoni."

Akaacha kukipigapiga kinu. Nilifikiri nimempata. Halafu akasema taratibu, bila utani hata chembe, na ndipo nilipoogopa: "Ndiyo. Ndiyo maana nakwambia, nenda kamsindikize. Hakuna atakayekulaumu. Ungekuwa mama gani usipokwenda?"

Aliondoka akaniacha na hilo swali. Tangu hapo nalitafuna. Amenipa ruhusa ya kukosea tena, na safari hii kosa lenyewe limevaa nguo nzuri. Ningesimama stesheni nakulilia, watu wote wangesema mama mwema yule, na huku nyuma mkono wa Mama Chausiku ungeinuka.

Sikuandikii haya ili uwe mlinzi wa chochote. Unakwenda kusoma ualimu, soma. Lakini utapewa vitu vya watu uvishike, huwezi kukwepa. Mwalimu hupewa chaki, hupewa vitabu, hupewa watoto. Nikwambie nilichojifunza kwa gharama yako. Wezi siwaogopi sana. Mwizi akija utapiga yowe, na watu watatoka na marungu. Ninaowaogopa ni watu wema wenye shida ya kweli, na kicheko, na siku ambayo wewe mwenyewe umechoka unataka kupendwa. Kitu chenye mwenyewe hulindwa na mwenyewe. Kitu cha watoto ambao hawajazaliwa hakina hata mmoja wa kukililia mkutanoni. Hawana mdomo. Na wakija kuuona upungufu, waliokula wamekwisha kufa, wamesomewa hitima na kusifiwa.

Tena usifikiri kwamba ukifanya sawa utajisikia sawa. Mimi najisikia vibaya. Kesho nikikataa, nitakwenda kisimani peke yangu kwa miezi. Nitatwanga, na kila mwanamke atakayetwanga atanitwanga mimi kinuni. Pengine mimi ndiye niliyekosea. Nimelifikiria hilo pia, wallahi. Pengine mashine ingeleta pesa, na pesa ingeezeka shule, kama Maganga anavyoapa. Lakini aliapa hivyohivyo kuhusu lori. Mashine tunaweza kuitafuta kwa mpunga wetu tukijibana misimu miwili. Mvule hatuwezi kuutafuta. Na mdogo wako Shabani yuko darasa la nne.

Umeona? Mwakani Shabani. Ndiye niliyekuwa namfikiria ulipokuwa unasema mlangoni. Nilitaka kukwambia, nikaona nitakuwa nakupimia upendo, wewe na mdogo wako kwenye mizani moja, nikanyamaza. Ningesema. Nilikosea kunyamaza.

Na hili nalisema wazi kwa sababu kwetu hatulisemi: nakupenda, Zuhura. Nakupenda zaidi ya pesa yote ya mvule na benki yenyewe juu. Kama kesho ungekuwa unazama, ningeacha benchi, shule, kijiji, nikajitupa majini nisiyejua kuogelea. Lakini huzami. Unakwenda Iringa, umevaa sketi mpya, na una sanduku lenye kufuli. Unaweza kuondoka bila mimi kukushika mkono. Shabani hawezi kuliepuka daraja lile bila mtu kumlindia bati la darasa lake. Nimeupeleka uzito kwa anayeweza kuubeba, na anayeweza ni wewe. Mzazi ndivyo anavyomdhulumu mtoto wake hodari. Nisamehe ukiweza, na usipoweza, niandikie hivyohivyo. Usinyamaze tena miaka.

Garimoshi likitoka Kidete litavuka daraja, halafu litapunguza mwendo kwenye kona, na hapo ndipo zilipo kuta zetu zisizo na bati, na kiwanja, na watu. Kaa dirisha la upande wa mlimani. Nimempa Maganga sifa ya wema, acha nimpe na hii ya ujanja: atangoja mpaka asikie honi yenu ndipo aseme, "Walinzi wanaokubali, mikono juu." Anajua garimoshi la watoto wao likipita akina mama huinua mikono kupunga.

Utaniona mbele kabisa, nimevaa kanga yangu nyekundu ili usinikose. Nipungie, mwanangu. Nipungie mpaka kona ifunge, nitakuwa nakutazama wewe, siyo yeye. Mimi mikono yangu nitaikalia.

Mama yako